Ngoma ya Ukoo Ikae Wapi: Nyumbani, Makumbusho ya Jamii au Makumbusho ya Taifa?

Mzee aliyekuwa akitunza vitu vya ukoo amefariki. Chumbani kwake kumebaki ngoma mbili, mkuki wenye kutu, kitambaa cha lubugo, yaani cha gome la mti, kilichokunjwa mara nne, mtungi uliomeguka mdomo na mfuko wa karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Matanga hayajaanuliwa sawasawa, mjadala umeshaanza. Mmoja anataka vyote vipelekwe Makumbusho ya Uganda pale Kampala. Wa pili anasema kitu kikishaingia serikalini hakitoki. Wa tatu amesikia kuna makumbusho ya jamii wilaya jirani, na mwenye makumbusho hayo ni mtu anayefahamika.

Wote watatu wana hoja. Ndiyo maana mjadala wa namna hii huchukua miaka, na miaka hiyo mchwa huwa kazini. Hapa tunaziweka njia hizo tatu kwenye mizani moja, ili kikao cha familia kiwe na kitu cha kushika mkononi.

Kwanza: kilichotoka ardhini hakimo kwenye mjadala huu

Kitu kilichopokewa kutoka kwa babu ni mali ya familia au ya ukoo, na uamuzi ni wao. Kilichofukuliwa ni habari nyingine. Ukichimba msingi, shimo la choo au udongo wa matofali ukakuta vigae vingi mahali pamoja, mabonge ya chuma kilichoyeyushwa, mifupa iliyogeuka jiwe au kaburi la kale, unatakiwa kutoa taarifa. Sheria ya mwaka 1967 ilimpa mgunduzi siku 14 za kuripoti. Sasa kuna Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria ya 2023. Usizihesabu siku. Simamisha jembe, funika shimo kwa turubai, piga picha ukiwa umeweka rula kando ya kitu, soma vipimo vya mahali kwenye simu yako, kisha mwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, na Idara ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria iliyo chini ya Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale.

Sababu ya kutokifukua mwenyewe ni kwamba udongo unaokizunguka ndio unaosema kina umri gani. Mwaka 1929 watu waliokuwa wakichimba kwenye eneo la gereza la Luzira walikuta kichwa cha udongo uliochomwa pamoja na vipande vya kiwiliwili. Leo kiko British Museum, London. Kwa kuwa hakikutolewa kwa uchimbaji wa kitaalamu, tabaka kwa tabaka, umri wake ulibaki swali kwa miongo mingi. Kule Ntusi, eneo la makazi ya kale nchini Uganda ambako wanaakiolojia wamechimba kwa utaratibu, kigae kidogo tu kinaweza kupangwa kwenye karne yake.

Vigae usivisugue wala kuvitia sabuni, kwa maana ndani ya chungu huganda mabaki ya chakula ambayo maabara inaweza kuyasoma. Usigundishe kwa gundi ya dukani. Chuma kiache na kutu yake, usikipake oili ya gari. Na kama ni ubao au mtumbwi uliotoka kwenye matope ya ziwa au kinamasi, uhifadhi ukiwa umelowa: uviringishe kwenye kitambaa chenye maji na nailoni juu, uweke kivulini. Mbao iliyokaa majini miaka mingi imebaki kama sifongo, na maji ndiyo yanayoishikilia. Ikianikwa juani, siku chache zinatosha kuinyonga na kuipasua, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Baada ya hapo, turudi kwenye vitu vya chumbani kwa mzee.

Mambo matano ya kupimia

*Kazi.* Je, kitu bado kina kazi? Ngoma inayopigwa mubala, yaani mdundo maalumu wa ukoo, kila anapotawazwa mrithi iko kazini. Mkuki ambao hakuna aliye hai anayekumbuka ulitumiwa wapi umestaafu. Swali hili ndilo la kwanza, nasi tunalipa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu makosa mengi ya kuchagua mahali huanzia kwa watu waliokipeleka mahali pa kupumzika kitu ambacho bado kinaitwa kazini.

*Umiliki na kurudi.* Kikitoka, kinatoka kama nini? Na mkikitaka tena, nani ana haki ya kukidai, kwa karatasi gani?

*Usalama.* Unyevu, wadudu, moto, mwanga, wizi. Hewa inayofaa mbao, ngozi na nguo ni ya unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Ikipita 65 na kukaa hapo, ukungu huanza kuota. Sehemu nyingi za kusini mwa Uganda hupita kiwango hicho kwa wiki nzima nzima katika mvua za Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba.

*Habari.* Jina la kitu, kilitoka wapi, kilitengenezwa na nani, kilitumika vipi, kilifikaje hapa. Bila hayo, ngoma ni gogo lenye ngozi.

*Gharama na mikono.* Nani atakikagua, mara ngapi, kwa fedha ipi, kwa miaka 20 ijayo?

Njia ya kwanza: kubaki nyumbani au kwa mtunzaji wa ukoo

*Kazi.* Hapa nyumbani hapana mshindani. Kitu kinabaki karibu na watu wanaojua kukiita, kukishika na kukinyamazia. Baadhi ya vitu havitakiwi kuonwa na kila mtu, na ni mtunzaji wa ukoo pekee anayejua mpaka uko wapi.

*Umiliki.* Hakuna kinachohama. Hatari yake ni ya ndani: mtunzaji akifariki bila maandishi, watoto wake huhesabu vitu vya ukoo kama mirathi yao, kwa nia njema kabisa, na mmoja mwenye shida ya karo huuza. Dawa ni karatasi moja inayosema vitu hivi ni vya ukoo fulani, vimewekwa amana kwa fulani, yenye orodha, picha na saini za watu wasiopungua watatu wa matawi tofauti, na nakala kwa kila tawi.

*Usalama.* Hapa ndipo kazi ilipo, na inawezekana bila fedha nyingi. Nunua sanduku la bati kama lile la wanafunzi wa bweni. Liweke juu ya matofali, sentimita 15 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani, ili handaki la mchwa likianza kupanda ulione. Ndani tandika marekani isiyotiwa rangi, iliyofuliwa mara mbili bila dawa ya kulainisha. Gazeti halifai, lina asidi na wino wake huhama. Kipima unyevu kidogo cha betri kiwekwe ndani ya sanduku, na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia kidogo tu, tena mpaka vishibe maji. Kisha kila mwezi fungua, angalia, funga.

Kuangalia maana yake ni hivi. Weka karatasi nyeupe chini ya ngoma kwa wiki moja. Ukikuta unga laini kama wa mhogo, mbao inabunguliwa sasa hivi. Tundu kuukuu lisilo na unga mpya ni jeraha la zamani. Kwenye ngozi, tafuta vijiganda vidogo vya kahawia vyenye manyoya: hayo ni magamba ya mabuu ya mende wa ngozi, nao hula kuanzia kwenye mikunjo, pale kamba zinapoishikilia ngozi.

Kitambaa cha lubugo, mbao ndogo isiyopakwa rangi, kapu au kibuyu kikavu vinaweza kutibiwa kwenye friza ya nyumbani. Funga kwa nailoni mbili, kamua hewa, weka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 14 mfululizo, kisha kitoe na ukiache kimefungwa saa 24 ili majimaji yagande nje ya nailoni, si juu ya kitu. Friza iwe imeshapoa kabla ya kukiingiza, kwa kuwa mdudu akipozwa polepole hujizoeza baridi na kubaki hai. Kwa sababu hiyohiyo, umeme ukikatika muda mrefu hadi friza ikapata joto, hesabu ya siku huanza upya. Lakini ngoma usiiweke. Ngozi iliyowambwa imeshavutwa kama uta, na engalabi, ile ngoma ndefu, ya ngozi ya kenge ndiyo nyepesi zaidi kuchanika. Ikipata baridi hujikaza na kupasuka. Ngoma yenye wadudu hufungwa nailoni peke yake, mbali na vingine, mpaka mtaalamu aitibu kwa kuiondolea oksijeni ndani ya mfuko maalumu kwa wiki tatu au zaidi.

Wazee walining'iniza vitu juu ya jiko, na walikuwa na sababu: moshi huwafukuza wadudu na kukausha hewa. Bei yake ni masizi na ngozi kukakamaa, na zaidi ya yote moto. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, iliteketea tarehe 16 Machi 2010, ikiwa na hadhi ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Paa la nyasi halitoi muda wa kuokoa. Majani ya mwarobaini nayo huwafukuza wadudu wanaotangatanga, ila hayaui yai lililo ndani ya mbao.

*Habari.* Ziko vichwani mwa watu walio hai, hivyo ni nyingi na ni za hatari kupotea. Simu inatosha kumrekodi bibi akieleza kila kitu mkononi mwake.

*Gharama.* Ndogo kwa fedha, kubwa kwa uangalifu. Kinachoshindikana mara nyingi ni ule ukaguzi wa mwezi, hasa mtunzaji akihamia mjini na ufunguo.

*Inawafaa* koo zenye mtunzaji anayekaa hapo, vitu vinavyoitwa kwenye sherehe, na nyumba yenye paa la bati lisilovuja.

Njia ya pili: makumbusho ya jamii

Uganda ina makumbusho mengi madogo ya watu binafsi na vikundi, kuanzia chumba kimoja kijijini hadi vituo vikubwa kama Igongo, nje kidogo ya Mbarara kwenye barabara ya Masaka. Yanatofautiana mno, kwa hiyo hapa unachagua nyumba yenyewe na watu wake. Jina la makumbusho halikuambii kitu.

*Kazi.* Kitu kinakaa kwenye lugha yake. Wageni wengi ni wanafunzi wa shule za karibu, na anayekieleza anakijua kwa jina la nyumbani. Kukiazima kwa sherehe ni rahisi, mara nyingi ni suala la kuandikishana na kukodi gari.

*Umiliki.* Hapa ndipo pa kufungua macho. Makumbusho mengi ya namna hii yamesimama juu ya mtu mmoja mwenye moyo. Akiugua au akifariki, vitu vyake na vya watu vikiwa kwenye rafu moja, warithi wake hawawezi kutofautisha. Uliza wazi: mmesajiliwa kama nini? Jumba likifungwa, vitu vya watu vinakwenda wapi, na imeandikwa wapi? Asiye na jibu leo huenda akalipata mwezi ujao. Mpe nafasi, ila usikabidhi kabla.

*Usalama.* Nenda ukaone siku ya mvua. Tazama dari kwenye pembe, nusa kama kuna ukungu, pitisha kidole nyuma ya kabati lililoegemea ukuta wa nje. Dirisha linalomwaga jua juu ya nguo ni tatizo: nguo, karatasi na ngozi zilizotiwa rangi hazitakiwi kupata zaidi ya luksi 50, mwanga hafifu wa chumba chenye pazia, na rangi iliyopauka haina dawa. Pazia la marekani ni bei ndogo, hivyo usilikatae jumba kwa dirisha; kataa kama mwenyewe haoni tatizo. Uliza pia kitu kipya kinapoingia hutengwa siku ngapi kabla ya kuwekwa na vingine. Jibu la "tunakiweka tu" lina maana kwamba wadudu wa kila mtu watakuwa wa wote.

*Habari.* Omba kuona daftari la usajili. Kila kitu kiwe na namba yake, na namba hiyo iwe juu ya kitu chenyewe. Utaratibu mzuri wa namba ni mwaka, kundi, kitu: 2025.4.3 ni kitu cha tatu katika kundi la nne lililopokewa mwaka 2025. Kwenye mbao na udongo, namba huandikwa kwa wino juu ya tone la vanishi inayoweza kuondolewa. Kwenye nguo hushonwa kwa kipande cha utepe. Kwenye karatasi huandikwa nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Kalamu ya mpira, pini na selotepu ni alama za jumba ambalo bado linajifunza. Hata hivyo, makumbusho ya jamii yenye daftari zuri na jengo la kawaida tunaiona bora kuliko yenye kabati za vioo na daftari tupu.

*Gharama.* Kwa familia ni usafiri. Kwa jumba ni kila kitu kingine, na kiingilio cha wanafunzi hakilipi mlinzi. Ukikabidhi sanduku lenye vitu, kabidhi na marekani yake na kipima unyevu. Ni mchango unaotumika siku hiyohiyo.

*Inawafaa* wanaotaka kitu kionwe na watoto wa eneo lake, vitu vigumu vya mtungi, chuma na mbao vinavyovumilia hali ya kawaida, na koo ambazo ziko tayari kukitembelea walau mara mbili kwa mwaka.

Njia ya tatu: Makumbusho ya Taifa

Makumbusho ya Uganda yalianza 1908 kwenye ngome ya Kapteni Lugard wa Uingereza, Old Kampala, na jengo la sasa kwenye kilima cha Kitante, barabara ya Kira, lilifunguliwa 1954. Lina sehemu za mila na maisha ya watu, akiolojia na historia, visukuku na viumbe asilia. Soroti, Moroto na Kabale kuna makumbusho ya mikoa chini ya Idara ileile ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria, na kwa familia ya Karamoja au Kigezi mlango wa karibu ni huo.

Kuna milango miwili ya kuingilia, na kuichanganya ndiko kunakozaa malalamiko. *Amana* ni mkopo: mali inabaki yenu, makumbusho inatunza kwa muda uliotajwa. *Hiba* ni zawadi: mali inahama, na ukoo unabaki na jina kwenye kumbukumbu. Usisaini karatasi ambayo haisemi ni ipi kati ya hizo mbili.

*Kazi.* Kitu kikisajiliwa kinakaa kwa masharti ya makumbusho. Hilo halina maana kinanyamaza kabisa. Makumbusho haya yanajulikana tangu siku za Klaus Wachsmann, mhifadhi aliyekuwa pia mtaalamu wa muziki, kwa ukumbi wa ala ambako wapigaji huwapigia wageni. Lakini ngoma ya ukoo ikihitajika Jumamosi kijijini, simu ya Alhamisi haitoshi. Kama mnataka itoke kwa sherehe, andikeni kwenye mkataba ni sherehe zipi, notisi ya siku ngapi, nani analipa gari, nani anaisindikiza. Ulizeni pia kama kitu hicho kitatibiwa kwa dawa au kama kitahifadhiwa pamoja na vya zamani vilivyonyunyiziwa sumu. Makumbusho mengi duniani, miaka iliyopita, yalitumia aseniki na DDT dhidi ya wadudu, na mabaki yake hukaa kwenye ngozi na manyoya. Ngoma itakayorudi mikononi mwa watu isitiwe dawa ya kudumu.

*Umiliki.* Amana ina kasoro yake: aliyesaini akifariki, makumbusho haijui imrudishie nani. Mkataba utaje cheo na ukoo, pamoja na warithi wa saini, na muda maalumu, mathalani miaka 3 au 5, unaoweza kuongezwa. Si jambo la ajabu. Hata vitu 39 ambavyo makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilivirudisha Kampala Juni 2024 vilikuja kwa mkopo wa miaka 3. Na wanaosema kilichoondoka hakirudi wakumbuke masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda: yalipelekwa Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20, yakarudi Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitu hudaiwa kwa urahisi zaidi kikiwa kimeandikwa ni nini na kimetoka wapi.

*Usalama.* Hapa kuna walinzi, watu waliosomea uhifadhi, ghala, na uwezo wa kuomba msaada wa maabara nje ya nchi. Kwa kitu dhaifu kweli, mfano kitambaa cha lubugo kinachomeguka kwenye mikunjo, tofauti ni kubwa: badala ya kukunjwa, kitaviringishwa kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, marekani katikati. Tuseme pia kwamba hakuna ukuta usioguswa. Mwaka 2011 kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 kwenye uwanja huo wa makumbusho. Watetezi wa urithi wakaupinga hadi mahakamani, na jengo halikujengwa.

*Habari.* Kitu kinaingia kwenye rejista ya nchi, mtafiti wa Gulu au Dar es Salaam anaweza kukipata. Lakini rejista hubeba kile ulichokuja nacho. Ukileta ngoma na neno moja "ngoma", itaandikwa hivyo.

*Gharama.* Kwa familia ni ndogo. Gharama isiyoonekana ni umbali: kama makumbusho nyingi za taifa, sehemu kubwa ya vitu iko ghalani, na mjukuu akija bila miadi hatakiona. Tena makumbusho inaweza kukataa. Kama ina mitungi 30 ya aina yako yenye habari kamili, hawatauchukua wa 31 usio na habari. Usifike mlangoni na gunia. Tuma kwanza picha na maelezo, subiri jibu, na siku ya kupeleka ondoka na hati ya mapokezi yenye tarehe, orodha, hali ya kila kitu na saini mbili. Hati ya mapokezi inasema tu kwamba kimepokewa kikaguliwe. Kukubaliwa huja na barua nyingine.

*Inawafaa* wenye kitu cha pekee au dhaifu, kilichomaliza kazi yake, chenye habari za kutosha, au ambacho ukoo umekosa mtunzaji.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kitu kinaitwa kwenye sherehe, na mtunzaji yupo: kibaki nyumbani kwa karatasi ya amana ya ndani. Fundi akiweza kutengeneza ngoma ya pili ya kupigwa, ya kale ipumzike na itoke kwa siku kubwa tu. Mpangilio huo hufanya kazi katika njia zote tatu.

Kinaitwa, lakini nyumba inavuja au mtunzaji amehama: makumbusho ya jamii iliyo karibu, kwa mkataba wa mwaka mmoja kwanza. Baada ya msimu mmoja wa mvua mtakuwa mmejua tabia ya jumba.

Kimestaafu, kina historia inayojulikana, na familia imetawanyika: Makumbusho ya Taifa. Amana kama bado kuna mashaka, hiba kama wote wamekubaliana kwa saini.

Kimestaafu na habari zake zimepotea: anza kwa kutafuta habari. Wapigie wazee wa tawi lingine, mwonyeshe fundi wa ngoma. Mwezi mmoja wa kuuliza unaweza kukibadilisha kutoka kitu cha kukataliwa hadi kitu cha kuombwa.

Karatasi za herufi za Kiarabu, barua na picha: hizi zinaweza kukaa mahali pawili, kwa sababu nakala inabeba maneno. Zipige picha kila ukurasa, mbele na nyuma, kwenye mwanga wa kivuli bila flashi, nakala iende makumbusho au Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa, na asili ikae mnapoona panafaa. Kamwe msizitie plastiki ya moto wala selotepu. Gundi yake hugeuka manjano, huingia ndani ya karatasi na haitoki. Koran au vitabu vya msikiti viamuliwe na kamati ya msikiti, si na mtu mmoja mwenye ufunguo.

Mabaki ya mtu, au kitu kilichotoka kaburini: kisipelekwe mahali popote kwa boda boda. Kifunikwe, na Idara ya Makumbusho iitwe kilipo.

Familia haijakubaliana: msihamishe kitu, lakini wiki hii hii orodhesheni kila kimoja na picha nne, mbele, nyuma, upande na palipoharibika, rula ikiwa kwenye picha. Vyote viingie kwenye sanduku moja lenye kufuli mbili, kila ufunguo kwa tawi lake, na tarehe ya kikao kijacho iandikwe juu ya orodha. Wakati wa kikao hicho fungueni sanduku mbele ya wote, mkague unga wa mbao kabla hamjaanza kuzungumza.